Dada yangu amepanga siku ya kufa, ananiomba niwepo. Mngekuwa ninyi mngefanyaje?

#1 Nahodha74 (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Nimeuandika uzi huu na kuufuta mara nne, kwa hiyo ukiwa umekaa vibaya mnivumilie.

Dada yangu, kifungua mimba wa kwetu, yuko Kanada, jimbo la Ontario, mwaka wa kumi na nane huu. Miaka miwili nyuma mkono wa kushoto ulianza kumwangusha. Kikombe kinadondoka, kifungo cha shati hakifungiki. Wakadhani ni shingo. Baadaye akaambiwa ni ALS, ule ugonjwa unaoua neva zinazoamrisha misuli. Mwili unazimika kipande kipande na mwenyewe anaangalia, maana akili yake haijaguswa hata kidogo. Sasa hatembei, kumeza ni shughuli, na pumzi inapungua. Mashine ya kupumulia kwa tundu la shingoni aliikataa tangu mwanzo.

Kule sheria inamruhusu mgonjwa kuomba asaidiwe kufa. Ameomba. Wataalamu wawili wamempima kila mmoja kivyake, wote wamekubali. Siku imepangwa, ni wiki tano kuanzia leo.

Mimi nimejua juzi Jumapili. Anaandika kwa kidole kimoja kwenye tableti, ndiyo maana kila mwezi ujumbe wake unazidi kuwa mfupi. Huu ulikuja hivi: "Nimechagua siku. Njoo. Mama asijue hadi iishe. Usilete maua."

Hilo la maua lilinichekesha. Halafu nikakaa kwenye gari nusu saa sijaliwasha.

Mama ana miaka 79 na humpigia dada kila Ijumaa. Mimi mwenyewe sijui naunga mkono au napinga. Asubuhi nina jibu, jioni nina lingine. Naomba mawazo ya waliowahi kuwa karibu na jambo la namna hii. Wa dini karibuni pia, ila msinipige mawe.

#2 Mpita Njia

Dah. Pole sana mkuu. Sina la kusema, nakaa pembeni nasoma.

#3 MtumishiB

Pole ndugu yangu. Mimi ni mtu wa kanisani na sitajificha: siamini kwamba uhai ni wangu, niurudishe nikichoka. Ukiniuliza kama dada anafanya sawa nitasema hapana, na mbele yake ningesema hivyohivyo, kwa upole.

Ila sisi watu wa imani huwa tunachanganya mambo, na kwa kuchanganya tunawatesa wagonjwa. Kukataa mashine si kujiua. Papa Pius wa Kumi na Mbili alilisema hilo mwaka 1957 akizungumza na madaktari wa usingizi: mgonjwa halazimiki kutumia njia zilizopita kiasi ili aendelee kuishi. Mwaka huohuo alisema dawa ya maumivu inaruhusiwa hata ikiwa itafupisha maisha, mradi nia ni kutuliza maumivu. Kwa hiyo dada alipoikataa ile mashine hakumkosea Mungu. Hapa penye sindano ya kumaliza uhai ndipo ninapoachana naye njia.

Kuhusu kwenda: nenda. Nimekaa na watu wengi saa zao za mwisho, na sijawahi kumhoji mtu kwanza kama tunakubaliana ndipo nimshike mkono.

#4 Kobe Mtulivu

Hayo ndiyo mambo ya wenzetu. Mgonjwa akichelewa kufa wanaona anawajazia kitanda. Mrudishe nyumbani aombewe.

#5 Nesi_wa_Zamu

Kobe, mtu ambaye pumzi yake inahesabika humpandishi ndege kirahisi hivyo. Soma kwanza kilichoandikwa.

Mleta uzi, nimefanya kazi ya tiba shufaa, yaani kuwatuliza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, miaka kumi na moja. Nimewaona ndugu wakigombana kwenye korido wiki nzima, kumbe kila mmoja anazungumzia kitu tofauti. Mmoja akisema "tumwache apumzike" ana maana wasimrudishie bomba la chakula, mwingine anasikia "tumuue". Kusitisha tiba isiyosaidia ni kitu kimoja, nayo ndiyo hali ambayo wengi wetu tutakutana nayo. Kumlaza mgonjwa usingizi mzito siku za mwisho kwa sababu dalili zimekataa kutulia ni kingine. Kusaidiwa kufa ni cha tatu, na chenyewe kina milango miwili: Uswisi na jimbo la Oregon, Marekani, mgonjwa lazima afanye tendo la mwisho kwa mkono wake, Uholanzi, Ubelgiji na Kanada daktari anaweza kulifanya kwa niaba yake. Kwa mwenye ALS tofauti hiyo si ya vitabuni, maana kuna siku mkono hautainuka.

Halafu kuna mofini, ile dawa kali ya maumivu, ambayo imebebeshwa dhambi zisizo zake. Nilishawahi kukuta chupa ya mofini imefichwa nyuma ya redio kwa sababu mtoto wa mgonjwa aliogopa "kummaliza baba", na baba yuko chumba cha pili anauma shuka. Mofini ikipimwa vizuri na kupandishwa taratibu haiui mtu. Inachomletea zaidi ni choo kigumu, na hicho kina dawa yake.

Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's, nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa, kule London mwaka 1967, alianza akiwa nesi, akahamia ustawi wa jamii, mwisho akawa daktari. Alisema maumivu ya anayekufa si ya mwili pekee. Kuna ya moyo, ya familia, ya pesa, ya roho. Hadi anafariki alipinga wagonjwa kusaidiwa kufa. Namheshimu sana, lakini sitawadanganya kwamba tiba shufaa inafika kila mahali. Haifiki. Oregon wana sheria yao tangu 1997, na miaka nenda rudi wanaoomba wanasema kinachowasumbua ni kushindwa kujiamulia na kukosa yale yaliyofanya maisha yawe na ladha. Wanaotaja maumivu ni wachache zaidi. Hofu ya kuwa mzigo kwa familia nayo hutajwa sana.

Ndiyo maana ningekuwa wewe ningemuuliza dada swali moja tu: unaogopa nini hasa? ALS inaogopesha kwa kukosa hewa, na kukosa hewa kunatulizwa vizuri kuliko watu wanavyodhani. Huenda hilo analijua tayari. Huenda anaogopa kitu kingine kabisa ambacho hakuna daktari aliyemuuliza.

#6 Wakili Asiyelipwa

Nimesoma hadi hapa, ngoja niongeze historia kidogo, maana sheria anayoitumia dada yako imejengwa na watu waliokuwa mahali ulipo sasa.

Sue Rodriguez alikuwa na ugonjwa huohuo, Kanada hiyohiyo. Aliiomba Mahakama ya Juu imruhusu kusaidiwa, akashindwa Septemba 1993 kwa kura tano dhidi ya nne. Februari 1994 alikufa kwa msaada wa daktari ambaye jina lake halikutajwa. Aliyekaa naye siku hiyo ni rafiki yake, mbunge Svend Robinson, wakati kumsaidia mtu kujiua kulikuwa na kifungo cha hadi miaka 14.

Kisha kuna mama Kay Carter. Januari 2010 binti yake Lee na mume wa huyo binti walimsindikiza Uswisi, kimyakimya, wakijua kwamba wakirudi wanaweza kukamatwa. Walirudi wakaenda mahakamani wenyewe. Tarehe 6 Februari 2015 majaji wote tisa wakakubaliana nao, na mwaka uliofuata Bunge likatunga sheria.

Hispania ni hadithi nyingine. Ramón Sampedro alipooza mwaka 1968, akapigania haki hiyo mahakamani miaka mingi bila mafanikio. Alipokufa Januari 1998 ilionekana amegawa kazi kwa marafiki kipande kipande, kila mmoja afanye kitu kidogo ambacho peke yake si kosa. Kaka yake aliyemtunza miaka yote hiyo alikuwa anapinga. Rafiki yake Ramona Maneiro alikaa na siri hiyo hadi muda wa kushtakiwa ulipopita, ndipo akasema hadharani kwamba ni yeye. Hebu fikiria: mtu amefiwa na kipenzi chake na hawezi kueleza alikufaje. Sheria ya Hispania ilikuja 2021.

Na Afrika Kusini, 2015: Robin Stransham-Ford, mwanasheria mwenye saratani, aliiomba mahakama ya Pretoria. Tarehe 30 Aprili jaji akampa ruhusa. Kumbe alikuwa ameshafariki saa mbili hivi kabla. Mahakama ya Rufaa ikaifuta ile hukumu Desemba 2016.

Ninachotaka kusema mkuu: huna kesi ya kuogopa. Wenzako walibeba msiba na hofu ya polisi kwa pamoja. Wewe umebakiwa na msiba. Sisemi ni mwepesi.

#7 Nahodha74

Asanteni sana, hadi nashindwa nimjibu nani.

Nesi, swali lako nimemtumia. Jibu limechukua saa sita: "Naogopa nikishindwa kusema hapana." Nimelisoma kama mara ishirini. Sijui ana maana hapana kwa nani. Madaktari? Sisi?

Wakili, hapo kwa Ramona nimepaelewa sana. Kwangu siri si ya polisi, ni ya mama. Ijumaa alimpigia dada kama kawaida halafu akanipigia mimi: "Mbona leo ameandika 'nakupenda' mara tatu?" Nikamwambia tableti labda imeganda.

#8 Mama Wawili

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwambieni mama.

#9 Nahodha74

Methali haikumfikiria dada yangu. Yeye hiyo siku anaijua.

#10 Tulia_Kwanza

Kwetu haikuwa sindano, ilikuwa mashine. Baba alipata kiharusi kikubwa, siku ya kumi na mbili daktari akatuita akasema ubongo hautarudi, tuamue. Tuko watoto watano. Baba hakuwahi kusema lolote kuhusu hali kama hiyo. Tulikaa kwenye viti vya plastiki, kila mmoja anamsubiri mwenzake. Mwishowe nikasaini mimi, kwa sababu kalamu ilikuwa upande wangu. Ni kweli kabisa, kalamu ilikuwa upande wangu.

Mdogo wetu wa mwisho alikuwa safarini. Tulimwambia "baba amefariki", hatukumwambia tumeamua. Akaja kujua mwaka mmoja baadaye kutoka kwa shemeji. Mwaka wa sita huu hajala kwangu. Na nina uhakika tungempigia simu siku ile angekubali, kwa sababu ndiye aliyekuwa mwelewa kuliko wote. Alichokosa ni kuulizwa.

Kwa hiyo mimi kwenye hili la mama sina hekima nyingi. Nakwambia tu kwamba atajua. Swali ni ajue kwa mdomo wa nani.

Halafu wengine wote mnaosoma: andikeni. Karatasi moja, nani aamue ukishindwa kusema, na kipi hukitaki. Terri Schiavo kule Florida, mwanamke aliyekaa miaka mingi bila fahamu akilishwa kwa bomba, hakuacha maandishi. Mume na wazazi wake walishtakiana miaka, suala likafika hadi Bunge la Marekani, na bomba likaondolewa Machi 2005 familia ikiwa imekwisha kabisa. Ufaransa ikajirudia kwa Vincent Lambert: ajali 2008, kifo Julai 2019, mke upande mmoja, wazazi upande mwingine.

#11 Magurudumu

Naona wote mmeshakubaliana kwa sauti ya chini, kwa hiyo ngoja niwe mbaya wa uzi.

Nipo kwenye kiti cha magurudumu mwaka wa 22. Mwaka wa kwanza nilitaka kufa, na nilisema. Sikusema kwa mafumbo, nilisema. Kama ingekuwepo fomu ningejaza. Sheria ya Kanada ilipoanza 2016 ilihitaji kifo cha kawaida kiwe tayari kinaonekana mbele. Machi 2021 sharti hilo likaondolewa, kwa hiyo hata mtu kama mimi, ambaye sifi leo wala kesho, anaweza kuomba. Kwetu tathmini huchukua siku 90 au zaidi. Siku tisini! Mimi nilikaa kwenye lile shimo miaka miwili. Machi 2025 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za watu wenye ulemavu iliitaka Kanada iifute njia hiyo. Wa maradhi ya akili pekee wameahirishiwa hadi Machi 2027.

Najua dada yako hayuko kwenye kundi langu. ALS inaua, na ana haki ya kuchoka. Simpingi yeye. Nazungumza na ninyi mliomzunguka.

Kilichonitoa mimi si mahubiri. Kuna rafiki yangu mmoja alikuwa anakuja kila Alhamisi kucheza drafti na kunifunga bila huruma. Nilipomwambia nataka kufa hakusema "nakuelewa". Alikasirika. Akasema, "Mimi sitaki, na Alhamisi nakuja." Wengine wote walinielewa. Mama mkwe alinielewa, kiongozi wetu wa dini alinielewa, daktari alinielewa kwa kutikisa kichwa. Wakuu, kueleweka haraka kunauma. Mtu akikwambia anataka kufa, ukakubali siku hiyohiyo, alichosikia yeye ni kwamba ulikuwa unasubiri aseme.

Kwa hiyo mleta uzi, kama moyo wako haujakubali, mwambie dada hivyo. Mwambie "sitaki, na nakuja". Usimpelekee uso wa kukubali kwa sababu umesoma mahali kwamba ndiyo heshima.

#12 Mpita Njia

Huyu #11 kanifunga mdomo na sikuwa nimeufungua.

#13 Wakili Asiyelipwa

Magurudumu, sina cha kupinga. Nitaongeza kwamba Waholanzi wenyewe walishtuka. Mwaka 2016 mama wa miaka 74 mwenye ugonjwa wa kusahau, aliyekuwa ameacha maandishi zamani, alitiliwa dawa ya usingizi kwenye kahawa, na alipoinuka wakati wa sindano familia yake ikamshikilia. Daktari alishtakiwa, akaachiwa Septemba 2019, na mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikasema maandishi ya zamani yanaweza kufuatwa. Kisheria ilikwisha. Mimi sifikirii daktari, nafikiria ile mikono ya familia. Wanalalaje?

#14 Theluji_Nyingi

Niko Ontario, na mwaka juzi nilimsindikiza rafiki yangu kwa njia hii. Naandika kama rafiki kwa sababu marafiki huwa hatuna cheo. Hospitali inauliza "wewe ni nani kwake?" na huna jibu fupi.

Alinipa kazi. Hiyo ndiyo zawadi aliyoniachia, naiona sasa. Paka nimchukue mimi. Simu niifute, nisisome. Kuna mtu mmoja asije, na nikae mlangoni kuhakikisha. Rafiki yetu mwingine alikataa kuja kwa sababu ya imani yake, akakaa kwenye gari chini ya jengo saa tatu kwenye baridi. Mgonjwa aliambiwa yupo chini, akasema, "Mwambieni awashe hita." Sijui kama alikuwa amekuja au hakuja. Mimi namhesabu alikuja.

Ya kufaa sasa. Ombi ni la maandishi, na shahidi hatakiwi kuwa mtu anayejua kwamba atarithi. Siku inasogezwa, hata asubuhi yenyewe. Kabla ya chochote wanamuuliza tena, na akisema hapana wanafunga mkoba na kuondoka bila kinyongo. Na lile neno lake, "naogopa nikishindwa kusema hapana", mimi nadhani nalijua. Huku alikuwepo Audrey Parker, wa Nova Scotia, alikuwa na saratani. Aliondoka tarehe 1 Novemba 2018, mapema kuliko alivyotaka, kwa sababu sheria ya wakati ule ilitaka uwe na akili timamu dakika ya mwisho, na saratani ilikuwa imefika kwenye ubongo. Alitaka kuifikia Krismasi. Tangu 2021, mtu ambaye kifo chake kiko karibu anaweza kuandika makubaliano mapema kwamba akipoteza uwezo waendelee siku iliyopangwa. Ila akionyesha kukataa, kwa neno au kwa ishara, wanaacha. Muulize dada kama ameandika hiyo, na kama wamekubaliana ishara ya kukataa itakuwa ipi. Mtu asiyeweza kusema wala kuinua mkono, hapana yake ni ipi?

#15 Nahodha74

Theluji, Mungu akubariki. Ni hilo hasa. Nimemuuliza, akaandika: "Macho juu = hapana. Waambie wote." Daktari hakuwa ameandikiwa. Sasa ameandikiwa.

Na Magurudumu, nilifanya ulivyosema. Nilimwambia sitaki, na nakuja. Alikaa kimya siku nzima. Kisha: "Hatimaye."

La mama. Nilimwambia dada siwezi kubeba. Akajibu, "Atanililia." Nikamwambia atalia vyovyote. Baada ya siku mbili: "Andika wewe. Nitasahihisha." Nikaandika barua ya kurasa mbili, akabadilisha neno moja tu. Mimi nilikuwa nimeandika "nimeamua kufa". Akaweka "nimeamua siku".

Nimemsomea mama jana. Hakulia. Alisema, "Rudia tarehe." Kisha akauliza kama kule ni asubuhi sasa hivi, akataka apigiwe simu ya video. Sijui walizungumza nini, mimi nilitoka. Nilichojua baadaye ni kwamba mama aliomba wiki mbili zaidi. Dada akampa siku nne.

#16 MtumishiB

Siku nne. Naziombea moja moja.

#17 Nesi_wa_Zamu

Jitayarishe na wewe pia. Zurich, Uswisi, walichapisha utafiti 2012 wa watu 85 waliokuwepo ndugu au rafiki aliposaidiwa kufa. Asilimia 13 walikuwa na dalili kamili za kiwewe mwaka mmoja na zaidi baadaye. Uholanzi, utafiti wa 2003 kwa ndugu na marafiki wa wagonjwa wa saratani ulikuta kinyume kidogo: waliofiwa kwa eutanasia, yaani daktari kumsaidia mgonjwa kufa, walikuwa na majonzi mepesi kuliko waliofiwa kwa kifo cha kawaida. Watafiti walihusisha na kupata nafasi ya kuagana. Kwa hiyo hakuna anayeweza kukwambia utaamkaje. Tafuta mtu mmoja wa kumpigia usiku, na umwambie mapema kwamba utampigia.

Na kumbuka Oregon kama theluthi moja ya wanaopewa dawa hawainywi kabisa. Wengine ugonjwa unawawahi, wengine inawatosha kujua ipo kabatini. Siku ikifika ikapita, msimuulize "vipi tena?"

#18 Nahodha74

Wakuu, nimerudi. Ni wiki tatu sasa.

Viza haikutoka kwa wakati. Nilikuwepo kwa simu, nikiwa na mama sebuleni. Shemeji aliiegemeza tableti kwenye kabati, na hapo mwishoni ikateleza kidogo. Kwa hiyo tulichokuwa tunaona ni miguu yake na mkono wa nesi. Soksi za kijani. Hakuna aliyethubutu kuinyanyua, na mimi sikuthubutu kusema inyanyueni. Sauti tulikuwa nayo. Daktari alimuuliza kama anajua kitakachotokea. Tulimsikia shemeji akisema, "Ameangalia mbele. Hajaangalia juu." Daktari akauliza tena kwa namna nyingine, jibu likawa lilelile. Mama alikuwa amelishika goti langu.

Haikufika dakika kumi. Nilidhani nitajua ni saa ngapi hasa, sikujua. Miguu ilikuwa vilevile.

Watu wanauliza alikufa kwa nini. Nasema ALS, na hata cheti chake kinasema hivyo. Kuna niliowaambia yote, wachache. Kaka yetu wa pili hajanisemesha, anasema tulikaa tukaangalia. Ni kweli tulikaa tukaangalia.

Mods, kama ni utaratibu wenu kufunga nyuzi za zamani, huu naomba muuache kwanza. Mama amejua kwamba niliandika humu. Nilidhani atakasirika, akaomba nimsomee, anayesema nini na nani. Tumeanza juzi, kidogo kidogo jioni, kwa majina hayahaya mliyojipa, na Kobe amemchekesha. Jana tumefika kwa Magurudumu. Pale penye "sitaki, na Alhamisi nakuja" amenisimamisha, amesema nirudie.